Hesabu ya Watu Ishirini na Saba

Baada ya kuvuka daraja nilihesabu watu mara nne, na mara zote nne walikuwa ishirini na saba. Naanza na hilo kwa sababu daftari ninalo hapa mezani, na kila nikifungua ukurasa ule sioni palipokosewa. Vijistari vipo, vimefungwa tanotano, viwili vimebaki pembeni. Hesabu ni sahihi. Pamoja na usahihi huo, dada yangu hakuwa miongoni mwa watu wale, na kwa nusu saa nzima mimi sikujua.

Mimi ni katibu wa klabu ya mazoezi hapa Mwananyamala, hizi ambazo mtaani tunaziita jogingi. Jumamosi na Jumapili alfajiri tunakimbia mdogomdogo huku tukiimba, tumevaa fulana za rangi moja, na mara mojamoja tunaalikana na klabu za mitaa mingine, tunakimbia pamoja na kunywa supu. Siku za kazi mimi ni mtunza stoo katika karakana moja ya Chang'ombe. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea katika vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara: jiografia, ufundi wa mabomba, kamusi mbili, na nusu ya kitabu cha upimaji ardhi ambacho nusu yake ya pili sijaipata hadi leo.

Kusoma kwenyewe alinifundisha dada yangu kabla sijaanza shule. Amenizidi miaka tisa. Alikuwa akikunjua vipande vya magazeti vilivyofungiwa maandazi na kunionyesha herufi kwa kidole chenye mafuta, na mimi nikasoma habari zisizo na mwanzo wala mwisho. Sasa ana miaka sitini na moja na ana sukari. Nesi wa kliniki alimshauri atembee, nikamwandikisha klabu mwenyewe. Kwenye orodha yangu ni namba kumi na moja.

Matembezi ya siku ile yalipangwa yafuate maji. Tungeanza na mifereji ya mtaani kwetu, twende kwenye mifereji mikubwa ya nyuma ya viwanda vya Chang'ombe, kisha tumalizie Chanika, ambako kuna mto na juu yake daraja la kamba za chuma, lile la kuning'inia, la watu wa miguu tu. Kiongozi wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia anayeishi hukohuko Chanika, ambaye siku hizi hutembeza vikundi. Tulimwita Mwalimu. Alikuwa na mwavuli mrefu mweusi ambao hakuufungua hata mara moja, aliutumia kuonyeshea. Tulikodi basi dogo, kosta. Ratiba niliiandika mimi, kwa dakika.

Nakumbuka kwamba kuchanganyikiwa kwangu hakukuanzia darajani. Kulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hatua mia moja kutoka mlangoni kwangu. Mwalimu alitusimamisha juu ya kalvati la mfereji ambao nimeuruka kwenda kazini kwa zaidi ya miaka ishirini, akauliza maji yale yanaelekea wapi. Nilijibu bila kusita, nikaonyesha upande wa barabara kubwa. Mwalimu akachuma jani la mwarobaini, akalidondosha. Jani likazunguka kidogo, likaenda upande wa pili.

Watu walicheka. Mmoja akaniambia, "Katibu, maji hayajasoma daftari lako." Nilichuma jani la pili, nikalidondosha mwenyewe, nalo likafuata lile la kwanza. Dada alisema siku zote yanakwenda huko. Wakati anaishi nyumba ya jirani na kalvati, povu la maji yake ya kufulia lilikuwa likipita mbele ya baraza ya watu kule chini, na walikuwa wakimlalamikia. Nilimwuliza mbona hakuwahi kuniambia. Alisema hakujua kama nahitaji kuambiwa.

Chang'ombe hali ilikuwa ileile. Nyuma ya viwanda kuna mifereji miwili ya zege inayokutana kwenye kona, na nikiwa nimesimama pale niliweza kuapa kwamba mmoja unapanda. Ni mita chache tu kutoka karakana yetu. Mwalimu alieleza kwamba jicho hudanganywa na ukuta uliojengwa bila kufuata mteremko. Nililiandika hilo, nikaweka alama ya kuuliza. Nilipotazama ukurasa ndani ya kosta, alama za kuuliza zilikuwa saba na ilikuwa bado saa tatu.

Tuliteremka Chanika saa nne. Nilimpa dada ndizi moja kama ratiba yake ilivyotaka. Lazima nieleze ratiba hii, kwa sababu kila kitu kilitegemea hiyo. Dada humeza vidonge vyake saa kumi na mbili asubuhi kwa chai na kipande cha mkate. Baada ya hapo anatakiwa ale chakula cha kushiba kabla saa sita haijapita sana, la sivyo sukari inashuka. Nesi alituambia dalili: kutetemeka, jasho jingi, na maneno kuanza kupotea. Alisema ikifika hapo apewe kitu kitamu upesi, bila kungoja. Kwa hiyo nilichukua mkoba mmoja na kuweka ndani yake hotpoti ndogo ya mihogo na maharage, vidonge vya jioni, na pipi sita ndani ya kikaratasi, juu nikaandika 11. Mkoba niliubeba mimi. Dada alitaka kuubeba mwenyewe, nikamwambia atachoka.

Njia ilifuata ukingo wa mto. Upande mmoja tulikuwa na maji, ya rangi ya udongo, hayana haraka. Upande mwingine mashamba madogo ya mchicha na matembele, miwa, migomba, halafu nyumba mpya zisizopakwa rangi, nyingine zimeishia kwenye linta ya juu ya madirisha, bila paa. Mwalimu alikuwa mbele, akasema jambo ambalo nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu nililiandika. Alisema kwamba hatutarudi kwa njia hii. Tutavuka daraja, tutateremka na mto kwa upande wa ng'ambo, na kosta itazunguka kutusubiri kule chini kwenye daraja la magari. Waliokuwa mbele tulisikia. Waliokuwa nyuma hawakusikia, na dada alikuwa nyuma.

Daraja tuliliona kabla ya saa sita. Kamba mbili nene za chuma zimefungwa kwenye nguzo kila upande, chini yake mbao, pembeni wavu wa kufikia kiunoni. Katikati limelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Mwalimu aliagiza tuvuke wanane wanane, tusikimbie, tusiimbe. Ndipo tulipoona ng'ambo ya pili kundi la watu wenye fulana za kijani, kijani kilekile cha kwetu, wakija kuelekea darajani.

Mwenzetu mmoja akasema, "Jamani, si ndio sisi hao tunarudi?"

Walikuwa klabu ya Temeke, kama tulivyokuja kujua, nao walikuwa wakitembea njia yetu kinyumenyume: walianzia tulikokuwa tunaenda. Fulana zao zilichapishwa na fundi yuleyule wa kwetu, maana hata maneno ya mgongoni yalikuwa yaleyale, na jina la klabu lilikuwa dogo kifuani, limeshababuka kwa kufuliwa kama letu. Viongozi wawili walielewana kwa ishara za mikono: wanane wa huku, kisha wanane wa kule.

Nilikusanya simu za wale walioogopa kuziangusha majini, kila moja kwenye mfuko wa plastiki na namba yake. Dada alinipa ya kwake. Aliniambia, "Nyie tangulieni, mie nitakuja nyuma." Nikaweka alama ya vema mbele ya namba kumi na moja. Nimejiuliza mara nyingi alama ile niliiweka kwa ajili ya simu au kwa ajili ya mtu. Sikumbuki. Kwenye karatasi zinafanana.

Ng'ambo palikuwa na vurugu ya furaha. Waliovuka walikuwa wakipiga picha, waliosubiri zamu walikuwa wakipiga picha, kijani kilikuwa kikienda na kijani kikirudi. Kundi la mwisho la Temeke lilipoondoka, nilipanda juu ya kisiki, nikahesabu waliobaki pale ng'ambo, pamoja nami. Ishirini na saba. Nikampungia Mwalimu mkono, tukaondoka.

Tulitembea nusu saa hadi kwenye uwanja wa mpira wenye goli moja, tukatandika mikeka. Akina mama wakafunua pilau. Mimi nilifungua mkoba, nikatoa hotpoti ya dada, nikatazama kulia na kushoto. Nilizunguka mikeka yote. Niliuliza, na mmoja akasema labda ameenda kujisaidia vichakani, mwingine akasema alimwona sasa hivi, lakini alipofikiri vizuri akagundua kwamba sasa hivi hiyo ilikuwa kabla ya daraja.

Nikahesabu. Ishirini na saba. Nikahesabu tena nikianzia upande wa pili, kama tunavyofanya stoo bidhaa zikigoma. Ishirini na saba. Niliwaomba wasimame, wapange mstari, nikawagusa mabega mmoja mmoja. Walikuwa ishirini na saba. Kichwa kiligoma. Kwa dakika nzima, aibu hii naiandika kama ilivyokuwa, nilijaribu kufikiri kwamba dada yupo na macho yangu ndiyo hayamwoni, kwa kuwa hesabu ilisema yupo.

Ndipo nikaona mama mmoja mnene mwenye miwani, ambaye hakusimama na wenzake kwa sababu magoti, alisema, yalikuwa yameshafika nyumbani. Nilikuwa nimemgusa bega akiwa ameketi. Alikuwa akila pilau kwa utulivu mkubwa.

Nikamwambia, "Shikamoo mama. Samahani, wewe ni wa kwetu?"

"Marahaba mwanangu. Kwani nyie si tawi la bondeni?"

Alieleza huku akimaliza mnofu. Klabu yao ina matawi mawili, la juu na la bondeni, na siku ile walikuja pamoja kwa mara ya kwanza, hawajuani sura. Yeye ni wa tawi la juu. Lile daraja alishalikataa tangu nyumbani, hakumwambia mtu asije akabembelezwa. Wenzake walipoanza kuvuka alikaa pembeni, na alipoona fulana za kijani zinarudi njia waliyojia wao, akajua ni tawi la bondeni limegeuza, akashukuru Mungu, akafuata. Alisema watu wa bondeni wana roho nzuri na pilau lao limekolea.

Nilimwomba simu yake, nikampigia katibu wa klabu yao. Nilimweleza kwamba mama wao yuko kwetu na dada yangu hajulikani alipo.

"Kwetu hajapungua mtu, braza," akasema. "Tuko thelathini na moja. Nimehesabu mwenyewe."

Nikamwambia na mimi niko ishirini na saba, nimehesabu mwenyewe, na mmoja ni wake.

"Sasa kama wangu yuko kwako, mbona mie nimetimia?"

"Kwa sababu wangu yuko kwako."

"Amevaaje?"

"Fulana ya kijani."

"Katibu. Sote tumevaa kijani."

Nilitaka kumwambia kanga aliyojitanda. Nilikuwa na dada yangu tangu alfajiri. Nilimfungulia mlango wa kosta, nilimmenyea ndizi. Nilijua ni namba kumi na moja, nilijua idadi ya vidonge vyake na kwamba kioo cha simu yake kina ufa upande wa kushoto, na ufa huo nilikuwa nao mkobani. Kanga yake ilikuwa ya rangi gani sikujua. Nilimtajia jina tu, nikamwambia ana sukari na hajala, na kama anatetemeka wampe soda upesi. Nikamtajia namba ya simu yangu, akasema ataita jina, atanipigia.

Saa yangu ilisema saa saba kasorobo. Niliwaacha wengine na chakula, nikaondoka na Mwalimu kurudi darajani, mimi mbele. Mwalimu, ambaye ni mzee, alinihimiza nisimngoje. Nilikimbia mbio ambazo klabu yetu haikimbiagi. Njiani nilijaribu kupanga yanayowezekana, kwanza, pili, tatu, lakini kila nilipofika la tatu nilikuwa nimesahau la kwanza. Jambo moja lilinirudia bila kuitwa. Stoo kwetu, boliti ya namba nane ikidondokea kwenye boksi la namba kumi, na ya namba kumi ikadondokea kwenye boksi la namba nane, kadi zote mbili zinasoma sawa. Mkaguzi akija anatia sahihi. Fundi ndiye anayegundua, akiwa chini ya gari. Nimewafundisha hilo vijana wawili watatu wa karakana, kwa maneno haya haya, na sasa nilikuwa nakimbia kando ya mto nikijiuliza kama niliwahi kulielewa.

Mara ya kwanza nilivuka daraja lile macho yakiwa kwenye orodha. Safari hii nilikuwa peke yangu na orodha haikunisaidia kitu. Mbao zina nafasi kati yake na maji yanaonekana yakienda, na ukiyatazama unaona ni wewe unayekwenda pembeni. Katikati linapolegea lilianza kucheza, nikashika kamba kwa mikono miwili, mkoba ukiwa umening'inia kwenye kiwiko. Nilisimama pale, sijui kwa muda gani. Nilielewa kwa nini mtu anaweza kulitazama daraja hili na kusema atakuja nyuma. Ratiba yangu ilikuwa imeandika: kuvuka, dakika kumi na tano.

Simu iliita nikiwa ndio nimekanyaga ardhi. Ilikuwa yule katibu wa Temeke, na sauti yake haikuwa tena ya mtu aliyetimia. Alikuwa amehesabu upya akapata thelathini. Watu wa tawi lake la bondeni walikuwa wamemkuta mama mmoja amekaa kwenye nguzo ya daraja, wakamwambia huku harudi mtu, afuatane nao. Wao walimdhani wa tawi la juu, na watu wa tawi la juu walimdhani wa bondeni. Alitembea nao kidogo. Halafu karibu na miwa alisema anataka kukaa, watangulie. Alisema atakuja nyuma. Wakamwacha.

"Aliyemwona mara ya mwisho anasema alikuwa anatokwa jasho," akaniambia. "Lakini jua kali, sote tunatokwa jasho."

Nilikwenda nikiita. Miwa ilikuwa mingi kuliko nilivyokumbuka kutoka asubuhi. Asubuhi niliandika "miwa" kwa neno moja, nikaendelea. Niliingia vijia viwili visivyo na mtu. Kwenye cha tatu nilikuta mwanamke anamwagilia mchicha kwa ndoo, nikamwuliza kama ameona mama mwenye fulana ya kijani. Alinitazama fulana yangu, akauliza, "Yule wa kanga ya zambarau?" Nikasema sijui. Akanyoosha mkono bila kuniuliza nawezaje kutojua.

Dada alikuwa ameketi juu ya debe lililofudikizwa, mbele ya kibanda cha zana, miguu ameinyoosha. Kanga ilikuwa ya zambarau. Alikuwa anatafuna muwa. Mbele yake kulikuwa na rundo la makapi la kutosha kuonyesha kwamba ameanza muda mrefu, na kisu cha mwenye shamba kilikuwa mapajani mwake. Uso ulikuwa na unyevu lakini mkono ulikuwa umetulia. Alinitazama nilivyokuwa nahema.

"Kaa chini kwanza wewe," akasema. "Utaanguka."

Nilikaa chini, kwenye udongo. Nilimpa pipi, akasema ametosheka utamu, anataka chumvi. Nilifungua hotpoti, akala mihogo na maharage taratibu, na kati ya matonge akanieleza, na nitaeleza kama alivyonieleza. Alipofika darajani aliona hawezi. Aliona pia kwamba nimesimama pale na kalamu na kila mtu ananitazama, na asubuhi ile ile nilikuwa nimeshachekwa kwa ajili ya jani. Akaona akikataa mbele ya watu nitaanza kumbembeleza kwa sauti, na mimi nikibembeleza huwa natumia mifano. Kwa hiyo alisema atakuja nyuma, akakaa kungoja turudi. Nilimwambia hatukuwa tunarudi, Mwalimu alisema. Akaniuliza alimwambia nani.

Mikono ilipoanza kutetemeka alijua ni nini. Hakuwa na simu, hakuwa na pipi, na watu aliokuwa nao walikuwa wanamwita kwa jina la tawi ambalo halijui. Miwa alikuwa ameiona asubuhi. Alirudi hatua chache hadi hapo, akamwambia mwenye shamba, dada nina sukari, nipe muwa. Yule mwanamke wa mchicha akamkatia.

Alipomaliza kula alikung'uta mikono, akanyoosha kiganja mbele yangu.

"Nipe simu yangu," akasema. Nikaitoa kwenye mfuko wenye namba. "Na dawa. Na hizo pipi." Vyote alivifunga kwenye pindo la kanga, akakaza fundo. Kisha akasema, "Na mkoba nao. Uko mwepesi sasa, sitachoka."

Niliutoa. Mkono wangu ulibaki hauna cha kushika.

Tulipofika tena darajani, Mwalimu alikuwa bado upande wa pili, amekaa juu ya kisiki changu cha kuhesabia na mwavuli wake magotini. Kando yake alikuwa amesimama yule mama wa Temeke mwenye miwani, aliyeletwa na wenzetu wawili ili akabidhiwe kwa watu wake upande wetu huu. Shida ilikuwa ileile. Yeye hakuwa tayari kuvuka kuja, na dada hakuwa tayari kuvuka kwenda. Mwalimu alipiga kelele kwamba kosta italazimika kuzunguka mara mbili, na mimi nikaanza kufikiri nani apandie wapi, kosta ya nani ipite wapi kwanza, na nikapotea katikati ya mpango kama nilivyopotea katikati ya mbao.

Dada hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameinua mkono, anampungia yule mama. Yule mama aliinua wa kwake.

Nilimwuliza wanajuana wapi. Akasema wamejuana asubuhi, hapohapo. Wakati sisi tunavuka, yeye amekaa kwenye nguzo huku, alimwona mwenzake amekaa kwenye nguzo kule, watu wakipita katikati yao. Wakatazamana. Yule akatikisa kichwa, na dada akatikisa cha kwake. Wakacheka. Nilikuwepo, kalamu mkononi, hatua kumi kutoka kwa huyu na baadaye hatua kumi kutoka kwa yule.

"Mwambie anitajie namba yake," dada akasema.

Nilipaza sauti, na yule mama akaitaja kwa kelele, tarakimu tatu tatu, juu ya maji. Nilikuwa nimeshafungua daftari, natafuta ukurasa mweupe. Dada akanigusa mkono nisijisumbue; alikuwa ameshaishika. Alibonyeza simu yake kwa kidole gumba, kioo kikiwa na ufa wake upande wa kushoto, akaiweka sikioni na kutazama ng'ambo. Upande wa pili wa mto simu ikaita.